Mwili wa Binadamu si Bidhaa: Tahadhari juu ya Dawa za Kupunguza Unene



Wazee wetu wa Unyamwezi walipomwona mtu mnene, walimhesabu kuwa mtu wa neema. Ghala lake lilikuwa na mtama, mizinga yake ilikuwa na asali, na nyumbani kwake mgeni hakulala njaa. Aliyekonda aliulizwa kama anaumwa. Baadaye, katika miaka ya msiba mkubwa wa UKIMWI, kukonda kukawa jambo la kunong'onezwa, na watu wakaogopa hata kupungua kilo mbili wasije wakasemwa.

Siku hizi upepo umegeuka. Hapa Ng'ambo, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji wetu wa Tabora, unene umeanza kuonewa haya. Binti anayejiandaa kwa sherehe ya kuagwa anataka gauni limkae vizuri. Mama mfanyabiashara anachoshwa na maneno ya mtaani. Baba mwenye kitambi ameambiwa kwamba presha yake imepanda. Kila mmoja wao, akifungua simu yake, anakutana na tangazo lile lile: punguza kilo kumi kwa mwezi mmoja, bila mazoezi, bila kujinyima chakula, mzigo utaletewa hadi mlangoni. Dawa zenyewe ni za namna nyingi: sindano, vidonge, majani ya chai na unga wa kukoroga. Baadhi ni dawa halisi ambazo daktari peke yake ndiye mwenye haki ya kuziandika. Nyingine hakuna ajuaye kilichomo ndani yake.

Huenda msomaji akauliza: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na vitambi vya watu? Jibu letu ni kwamba inahusika sana. Panapouzwa kitu kinachoweza kudhuru uhai, nacho kinauzwa kwa maneno ya uongo, haki imevunjwa. Na anayeumia zaidi katika biashara ya namna hiyo ni yule asiyeweza kusoma karatasi iliyomo ndani ya kisanduku, na ambaye figo zikimharibikia hana fedha za kutibiwa. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kuyaeleza mambo haya kwa utulivu, bila kumtisha mtu na bila kumdharau mtu.

Unene si dhambi wala si mzaha

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Wako wanaodhani kwamba kila mtu mnene ni mlafi au mvivu. Sivyo. Unene hutokana na mambo mengi: urithi wa damu, kazi ya mtu, chakula kinachopatikana, uzazi, umri, msongo wa mawazo, na hata baadhi ya dawa za maradhi mengine. Shirika la Afya Duniani linautambua unene uliokithiri kuwa ni ugonjwa wa kudumu, nalo linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja duniani wanaishi nao. Kwetu Tanzania, tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zilionyesha kwamba wanawake wenye uzito uliozidi, pamoja na wale wenye unene uliokithiri, walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakawa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015/16. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa muda mfupi.

Unene huo huambatana na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Mtu mwenye hali hiyo anastahili kutibiwa kwa heshima kama mgonjwa mwingine yeyote. Kumcheka ni kumsukumia mikononi mwa mchuuzi wa dawa za kichochoroni, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hutafuta msaada gizani.

Sindano mpya: faida yake na hatari yake

Dawa zinazovuma sana sasa ni sindano za jamii ya semaglutidi, ambazo wengi wanazijua kwa majina ya biashara ya Ozempic na Wegovy, pamoja na tirzepatidi, iitwayo Mounjaro. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Wegovy, ambayo ni dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi, iliidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya unene. Dawa hizi huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba mtu ameshiba, na hulichelewesha tumbo kumwaga chakula.

Haki inatudai tuseme kwamba zinafanya kazi. Katika utafiti mmoja mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, waliodungwa semaglutidi kila juma kwa majuma 68 walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, wakati waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua kwa asilimia 2.4 tu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2023, ulionyesha kwamba watu wenye unene na maradhi ya moyo waliotumia dawa hiyo walipata nafuu ya asilimia 20 katika hatari ya kufa kwa ajili ya moyo, ya mshtuko wa moyo, au ya kiharusi. Mwezi Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali dawa hizi zitumike kwa watu wazima wenye unene uliokithiri, ila kwa masharti, na pamoja na mafunzo ya chakula na mazoezi. Wajawazito hawamo katika ruhusa hiyo.

Lakini dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kudhuru pia. Watumiaji wengi hupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Kwa wengi maudhi hayo hupungua kadiri siku zinavyopita, hasa kipimo kikiongezwa polepole. Kwa wengine hayaishi, na mtu anayetapika mfululizo bila kunywa maji ya kutosha anaweza kuharibu figo zake. Wako wanaopata mawe katika mfuko wa nyongo. Wachache hupata uvimbe wa kongosho, ambao maumivu yake makali ya tumbo hupenya hadi mgongoni, nao unaweza kuua. Mgonjwa wa kisukari ambaye macho yake yamekwisha kuathirika anaweza kuona yakizidi kuharibika iwapo sukari yake itashuka kwa ghafla. Mwezi Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilikiri kwamba semaglutidi inaweza, kwa nadra sana, kusababisha upofu wa ghafla kwa kukosesha damu mshipa wa fahamu wa jicho. Aidha, wanyama wa maabara waliopewa dawa hizi walipata uvimbe wa saratani katika tezi ya shingo. Kwa binadamu jambo hilo halijathibitishwa, lakini mtu ambaye yeye au ndugu zake wa damu wamewahi kupata saratani ya tezi hiyo ya aina iitwayo medula haruhusiwi kuzitumia.

Tena, mtu anayemeza glibenklamidi au anayejidunga insulini akiongeza sindano hii bila daktari kumpangia vipimo, sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hana budi kuacha semaglutidi miezi miwili kabla. Na anayekwenda kupasuliwa lazima amweleze mtaalamu wa usingizi, kwa maana tumbo lake linaweza kuwa bado na chakula hata baada ya kufunga, na chakula hicho kikapanda na kuingia katika mapafu.

Liko jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Waliokuwa katika utafiti ule wa kwanza, mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walirudisha kama theluthi mbili za uzito walioupoteza. Maana yake ni kwamba hii si dawa ya mwezi mmoja kabla ya harusi. Ni tiba ya muda mrefu, kama dawa ya presha ilivyo. Anayekopa fedha kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ili anunue sindano nne, ananunua kichefuchefu, halafu anarudi pale alipokuwa, akiwa na deni.

Vidonge vya zamani na chai za ajabu

Orlistati ni kidonge kinachozuia utumbo usifyonze kama theluthi moja ya mafuta ya chakula. Hakiingii sana katika damu, na kwa sababu hiyo wengi hukidhania kuwa hakina neno. Hata hivyo huleta choo chenye mafuta kisichozuilika, hupunguza vitamini mwilini, na yametokea, ingawa kwa nadra, maradhi makali ya ini.

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri na ndugu zetu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Tafiti zilizofanyika Afrika Kusini na Kameruni zimeonyesha kwamba dolutegraviri, dawa iliyoanza kutumika kwa wingi nchini mwetu mwaka 2019, huambatana na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake. Ni dawa nzuri inayookoa maisha, wala asiwepo hata mmoja wa kuiacha kwa ajili ya unene. Anayenenepa azungumze na mhudumu wa kliniki yake. Asijinunulie orlistati kwa siri, kwa kuwa imeripotiwa kwamba inaweza kupunguza nguvu ya dawa za virusi, navyo virusi vikaanza tena kuzaliana. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wako pia wanaomeza dawa za kukojosha au za kuharisha ili mizani isome chini. Kinachopungua hapo ni maji na chumvi za mwili, mafuta hayajaguswa. Chumvi hizo zikipungua mno, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama.

Kuhusu chai, kahawa na vidonge vinavyoitwa vya asili, mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimevipima mara nyingi na kukuta ndani yake sibutramini, dawa ambayo haikuandikwa popote kwenye kisanduku. Historia ya dawa hiyo tunaieleza hapa chini.

Yaliyotokea ng'ambo

Mtaa wetu unaitwa Ng'ambo, na neno hilo hilo twalitumia kwa nchi za mbali. Watu wengi wanaamini kwamba kitu kilichotoka ng'ambo hakina kasoro. Basi na tuone yaliyowapata watu wa huko.

Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, mamilioni ya watu walimeza fenfluramini pamoja na fentamini ili wapungue. Mwezi Julai 1997 madaktari wa Mayo Clinic walitangaza habari za wanawake 24 waliotumia mchanganyiko huo na ambao vali za mioyo yao zilikuwa zimeharibika. Vipimo vingine vikaonyesha dalili za kasoro katika vali kwa kama asilimia 30 ya waliopimwa, ingawa wengi wao hawakuwa wakijisikia wagonjwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo fenfluramini iliondolewa sokoni.

Miezi miwili tu baadaye sibutramini ikaidhinishwa. Nayo ilipandisha presha na kuharakisha moyo. Utafiti uliofanywa kwa watu karibu 10,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo ulionyesha kwamba waliokuwa wakiimeza walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani. Hiyo ndiyo inayofichwa katika chai tunazouziwa.

Ulaya iliruhusu rimonabanti mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaisimamisha kwa sababu iliwatia watu sonona na mawazo ya kujiua. Ufaransa ilikuwa na dawa iitwayo Mediator, iliyouzwa tangu mwaka 1976 kama dawa ya wagonjwa wa kisukari, lakini ikatumiwa na wengi kupunguza mwili. Daktari wa mapafu wa mji wa Brest, mama Irène Frachon, aligundua kwamba inaharibu vali za moyo, akapaza sauti ingawa alipingwa. Dawa iliondolewa mwaka 2009, baada ya kutumiwa na watu wapatao milioni tano. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya mamia na watu 2,000. Mwaka 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ya Servier kwa udanganyifu na kwa kusababisha vifo bila kukusudia.

Hatuyasimulii haya ili kusema kwamba kila dawa mpya ni sumu. Sindano za leo zimechunguzwa kuliko dawa zile. Funzo ni kwamba madhara mengine huonekana baada ya miaka, na kwamba yaligunduliwa kwa sababu kulikuwa na madaktari waliowafuatilia wagonjwa, kumbukumbu zilizoandikwa, na sheria iliyoweza kuiburuta kampuni mahakamani. Anayenunua kwa mchuuzi asiyejulikana, kwa ujumbe wa simu, amejinyima vyote vitatu. Akidhurika, hana wa kumdai.

Suala la haki

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, wafanyabiashara walipita hapa wakiwa na pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, wakiwa na binadamu waliotiwa bei. Miili ya watu iliuzwa katika nchi hii. Hatusemi kwamba muuza vidonge ni sawa na muuza watumwa. Tunasema kwamba wenyeji wa mahali hapa tuna sababu ya pekee ya kukataa mwili wa binadamu ugeuzwe kuwa uwanja wa faida.

Tazameni mambo matatu. Kwanza, wenye fedha duniani walipozigombania sindano hizi kwa ajili ya umbo, kuanzia mwaka 2022 zilipungua, na wagonjwa wa kisukari wakazikosa. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Pili, upungufu ulizaa bidhaa bandia. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitalini sukari yao ikiwa imeshuka vibaya, na ilidhaniwa kwamba ndani ya sindano walizonunua mlikuwa na insulini. Tatu, mwaka 2026 ndio mwaka ambao hataza za semaglutidi zinafikia ukomo katika nchi kama India na China. Bei itashuka. Kwa mgonjwa wa kweli hilo ni jambo la heri. Kwa soko lisilo na usimamizi ni mlango wa mafuriko, na mafuriko huzuiwa kabla mvua haijanyesha.

Liko pia suala la hali ya hewa yetu. Sindano hizi, kabla hazijaanza kutumika, hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Msomaji na apige picha ya kifurushi kilichosafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam katika buti la basi, mwezi wa Oktoba, jua la Tabora likipita nyuzi 30. Hata kama dawa ilikuwa halisi ilipoondoka, nani atathibitisha kwamba bado ni dawa ilipofika?

Tufanye nini?

Kwa kila mwamini: usitumie dawa ya kupunguza unene ambayo daktari hakukuandikia baada ya kukupima presha, sukari, ini na figo, na kukuuliza habari za mimba na dawa nyingine unazotumia. Ukisikia maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, moyo kwenda mbio, au macho kufifia ghafla, acha dawa, nenda hospitali mara moja, na uchukue kisanduku chake mkononi. Sema ukweli wote. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Kwa wenye maduka: Duka la Dawa Muhimu lina orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Kuuza dawa iliyo nje ya orodha hiyo, au dawa ya cheti bila cheti, ni kosa la sheria na ni kosa dhidi ya jirani. Mwenye shaka juu ya dawa yoyote aulize Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Magharibi iko hapa hapa Tabora. Huko pia ndiko pa kutoa taarifa za madhara na za bidhaa za mashaka.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na VIWAWA: lifanyeni jambo hili kuwa mada ya kikao kimoja. Mwalikeni muuguzi au mfamasia aje ajibu maswali. Katika sherehe za kuwaaga mabinti, mama zetu wanaowafunda wasimpe binti sharti la kupungua ili apendeze. Na tukomeshe mizaha juu ya miili ya watu, iwe barazani, sokoni, au baada ya ibada.

Kwa familia: turudie yale tuliyoyaacha. Mlenda, kunde, mboga za majani, mtama, matunda ya msimu na maembe ya mji wetu havijawahi kumdhuru mtu kama soda ya kila siku na chipsi za jioni. Safari ya dakika kumi haihitaji bodaboda. Haya hayapunguzi kilo kumi kwa mwezi, na kwa mwenye unene uliokithiri pengine hayatoshi peke yake. Huyo asione haya kwenda Kitete au kituo chochote cha afya. Lakini hayana madhara, nayo yanadumu.

Kwa Serikali: tunaomba ukaguzi wa maduka na wa matangazo ya simu uongezwe kabla dawa za bei nafuu hazijafurika, na kliniki za kisukari na presha zifike hadi Sikonge, Kaliua na Uyui vijijini, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya safari ndefu na mchuuzi wa karibu.

Ndugu wapendwa, haraka haraka haina baraka. Uzito ulioingia kwa miaka kumi hautoki salama kwa siku thelathini. Mwenye kuhitaji dawa na aipate, halisi, kwa bei ya haki, mkononi mwa anayejua kuitoa. Asiyeihitaji asidanganywe kwamba mwili wake una kasoro ili mfuko wa mtu mwingine unenepe.